MFARISHI WA FLANELI: FUA KWANZA, KATA BAADAYE



Mwezi wa saba ukifika, watu wa Kinangop, Limuru, Molo na Timboroa hawahitaji kuambiwa baridi ni nini. Mzee analala na koti juu ya blanketi, na watoto watatu wanavutana blanketi moja mpaka asubuhi. Ndiyo sababu vikundi vya akina mama, na siku hizi hata vya vijana, vinatuuliza kuhusu kushona blanketi za viraka kwa kitambaa cha flaneli. Watu wa Pwani wana jina lake zuri: mfarishi, yaani blanketi au tandiko la matabaka mawili au matatu yaliyoshonwa pamoja. Tutatumia jina hilo.

Katika kutembelea vikundi tumeona mifarishi mingi inayopendeza macho. Lakini mfarishi hupata hukumu yake siku ile unapofuliwa mara ya kwanza. Ukitoka majini umejikunja, viraka vimevutana na mishono imefumuka, aliyeununua hatarudi, na jirani yake hatakuja. Kikundi kitakuwa kimepoteza kitambaa, kazi na jina lake, na jina likishapotea ni vigumu kulirudisha. Basi makala haya yanaeleza jinsi ya kushona mfarishi ambao utafuliwa miaka mingi na kubaki mfarishi, na jinsi ya kujua kama kuuza kutawaletea faida au hasara.

FLANELI NI KITAMBAA GANI?

Zamani flaneli ilifumwa kwa sufu ya kondoo, na nchi ya Wales kule Uingereza ilijulikana sana kwa kitambaa hicho. Flaneli tunayoipata sokoni kwetu kwa kawaida ni ya pamba. Ni ile ya mashati mazito yenye miraba, ya nguo za kulalia, ya nepi na shali za watoto.

Kitambaa kikisha fumwa, kiwandani hupitishwa kwenye mitambo yenye brashi za waya mdogo mdogo. Brashi hizo huvuta nyuzi kidogo kidogo mpaka uso wa kitambaa unaota kama manyoya. Upapase, utauona. Kazi ya manyoya hayo ni kushika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoke. Kwa hiyo kinachompa mtu joto si uzito wa kitambaa peke yake, ni hewa iliyofungwa ndani. Ndiyo maana matabaka mawili ya flaneli nyepesi yanaweza kushinda tabaka moja zito.

Lakini manyoya hayo yana gharama yake. Flaneli hufumwa kwa kulegea kidogo ili brashi zipate cha kuvuta. Kutokana na kulegea huko, inafanya mambo manne ambayo kila fundi lazima ayajue:

1. Inarudi, yaani inasinyaa ikifuliwa, kushinda pamba ya kawaida.
2. Inavutika, hasa ikikatwa kwa mshazari.
3. Inafumuka pembeni mahali ilipokatwa.
4. Inapukutisha manyoya, nayo yanajaa ndani ya cherehani.

Karibu kila shida tuliyoiona katika mifarishi ya flaneli inatoka kwenye moja ya mambo haya manne.

TUTAPATA WAPI KITAMBAA?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua kitambaa kipya kwa mita. Ya pili, ambayo vikundi vingi huifuata, ni mitumba: mashati makubwa ya wanaume na mashuka ya flaneli.

Mitumba ina faida moja ambayo wengi hawaifikirii. Shati lililovaliwa na kufuliwa mara nyingi limekwisha kurudi. Halina tena mchezo wa kusinyaa. Ukichukua shati kuukuu ukalishona ubavuni mwa kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa, umetega mtego. Siku ya kufua, kile kipya kitarudi na kile cha zamani kitabaki palepale, na mfarishi wote utajikunja kama kabichi.

Mkienda sokoni kuchagua mashati, liinueni kila moja kwenye mwanga. Mahali ambapo mwanga unapita wazi, kama mgongoni na kwenye viwiko, kitambaa kimechoka. Livuteni kidogo kwa vidole gumba viwili. Likitoa sauti ya kuchanika, liacheni hata kama bei ni ya bure. Kiraka kimoja kibovu katikati ya mfarishi kinaharibu sitini vizuri.

Jambo lingine: msiweke mradi wote juu ya mitumba peke yake. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa, na waliotegemea belo moja moja walikaa bila kazi. Kikundi chenye akili huweka akiba ya kitambaa kilichofuliwa, kikavu, ndani ya gunia safi mbali na panya.

FUA KABLA YA KUKATA

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, kwa sababu kila mtu ana hamu ya kuona viraka vikipangwa. Tafadhali msiiruke.

Kitambaa kipya cha flaneli cha urefu wa mita 1 kinaweza kupoteza sentimita 5 katika kufuliwa, na vingine hupoteza zaidi. Chukueni beseni, maji ya moto na sabuni. Fueni kama vile mnavyotarajia mwenye mfarishi ataufua nyumbani kwake, na mkiweza fueni kwa nguvu zaidi. Suuzeni vizuri, anikeni juani, kisha rudieni mara ya pili. Kama ni mitumba, mara moja ya maji ya moto sana inatosha, na hapo mnaondoa pia uchafu na wadudu.

Kabla ya kufua kitambaa kipya, shoneni pande zilizokatwa kwa mshono wa kwenda na kurudi, au muukunje ule upande na kuushika kwa uzi. Bila hivyo mtatoa majini kamba za nyuzi zilizofungamana.

Angalieni rangi pia. Nyekundu, bluu iliyokolea na nyeusi huwa zinatoka. Loweka pembe ya kitambaa, kisha isugueni kwa kitambaa cheupe chenye maji. Cheupe kikibadilika rangi, rudieni kufua hiyo flaneli peke yake mpaka maji yawe safi. Kuna wanaosema chumvi au siki huzuia rangi isitoke. Kwa rangi za viwandani za siku hizi, hilo halisaidii. Kama baada ya kufua mara tatu au nne rangi bado inatoka, kitambaa hicho kitengenezeeni kitu kingine, kisiguse viraka vyeupe.

KUPIMA NA KUKATA

Tuchukue mfano wa mfarishi wa kitanda cha futi tatu kwa sita. Tutakata viraka vya mraba vya sentimita 25 kwa 25. Kila upande tutaacha sentimita 1 na robo ya mshono, kwa hiyo kiraka kikishonwa kitabaki sentimita 22 na nusu. Tukipanga viraka 7 kwa upana na 9 kwa urefu, tunahitaji viraka 63. Uso wa mfarishi utakuwa karibu sentimita 160 kwa 205.

Shati moja kubwa la mwanamume hutoa viraka 8 hivi, wakati mwingine 9: vinne mgongoni, vinne mbele, na kimoja mkononi kama mikono ni mipana. Basi nunueni mashati 8. Kama mnatumia kitambaa kipya chenye upana wa sentimita 110, nunueni mita 4 na nusu. Kikiwa na upana wa sentimita 150, mita 3 na nusu zinatosha. Hapo tayari tumehesabu kile kitakachorudi katika kufuliwa.

Kwa nini viraka vikubwa hivyo? Wengine wameona picha za mifarishi yenye viraka vidogo vya pembe tatu na nyota, na wanatamani. Hiyo inafaa kwa pamba nyembamba. Flaneli ni nene, na mahali mishono minne inapokutana panakuwa na uvimbe ambao sindano inakataa kupita. Tena pembe tatu ina upande uliokatwa kwa mshazari, na tumesema flaneli huvutika kwa mshazari. Mraba mkubwa, uliokatwa kufuata uzi wa kitambaa, ndio rafiki wa flaneli.

Kipimo kiwe kimoja kwa kikundi kizima. Mama mmoja akipima kwa futi ya fundi, mwingine kwa rula ya mtoto wa shule na wa tatu kwa kiraka cha jirani, viraka 63 vitakuwa vya saizi 63. Kateni kadibodi ngumu ya sentimita 25 kwa 25, au afadhali mtu wa bati awakatie kipande kilichonyooka na kulainishwa kingo. Wote wachore kwa hicho kimoja, kwa chaki au kipande cha sabuni kavu. Kadibodi ikianza kulika pembe, itupeni mkate nyingine. Msikate matabaka zaidi ya mawili kwa pamoja, kwa kuwa la chini huteleza.

KUSHONA VIRAKA

Mashine ya kawaida ya miguu inatosha kabisa. Wekeni sindano namba 14, uzi imara, na mishono iwe mirefu kidogo, kama milimita 3. Kama mashine yenu ina skrubu ya kulegeza kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, ilegezeni kidogo. Kikikandamiza sana, kiraka cha juu husukumwa mbele na cha chini kinabaki nyuma, na mwishoni mwa mshono mnakuta kimoja kimekuwa kirefu kuliko mwenzake.

Dawa nyingine ya shida hiyo ni pini. Flaneli juu ya flaneli hushikana, hilo ni jema, lakini ikivutwa huenda. Wekeni pini kila baada ya vidole vinne, na mzitoe moja moja kabla sindano haijazifikia. Msivute kitambaa kwa nyuma ya mashine. Acheni mashine ikipeleke yenyewe.

Nafasi ya mshono iwe sentimita 1 na robo, kama tulivyosema. Fundi aliyezoea nguo nyembamba atataka kupunguza ili kuokoa kitambaa. Mkatazeni kwa upole. Flaneli hufumuka pembeni, na mshono mwembamba huachia baada ya kufuliwa mara chache tu. Hicho kitambaa mnachookoa leo mtakilipia kesho.

Shoneni kwanza mistari: viraka 7 kwa kila mstari, mistari 9. Baada ya kila mshono pigeni pasi mkifungua kingo za mshono pande mbili, huku na huku, ili uvimbe upungue. Pasi iinuliwe na kuwekwa. Isiburutwe, maana ikiburutwa huvuta kitambaa. Kisha unganisheni mistari, mkilinganisha mishono kwanza kwa pini.

Na mashine msiisahau. Kila mfarishi mmoja ukiisha, fungueni mahali pa bobini na chini ya bati la sindano. Mtakuta manyoya yamejaa kama kiota cha ndege. Yatoeni kwa brashi ndogo, msiyapulize kwa mdomo yakaingia ndani zaidi. Wekeni tone moja la mafuta ya cherehani, kisha shoneni kwenye kitambaa kibovu kwanza ili mafuta yaishe. Mashine nyingi zinazopelekwa kwa fundi zikisemwa "imekufa" zimekabwa na manyoya tu.

KUUNGANISHA MATABAKA

Sasa mna uso wa mfarishi. Chini mtaweka shuka ya flaneli iliyofuliwa, iliyokatwa sentimita 170 kwa 215, yaani izidi uso kwa sentimita 5 kila upande. Katikati wekeni blanketi kuukuu lililofuliwa, la ukubwa sawa na uso. Blanketi lenye matundu linaweza kuzibwa, halitaonekana. Kwa sehemu zisizo na baridi kali, acheni katikati bila kitu. Flaneli mbili zinatosha.

Wengine hutaka kujaza sufi au pamba mbichi. Hatushauri kwa kikundi kinachoanza. Visiposhonwa kwa mistari ya karibu karibu, vinakimbilia pembeni na kuwa mabonge, hasa baada ya maji.

Tandazeni shuka sakafuni penye mkeka safi, uso wake mzuri ukiangalia chini. Ilainisheni kutoka katikati kwenda nje. Wekeni blanketi, kisha uso wa viraka. Shikizeni yote kwa mishono mirefu ya mkono, ile mafundi wanaita kupiga bandi, mkianzia katikati kuelekea pembe nne. Mkianzia pembeni, mtasukuma mikunjo yote ikutane katikati.

Sasa fungeni mafundo. Chukueni uzi mnene wa pamba, mara mbili, na sindano kubwa. Ingizeni sindano kutoka juu mpaka chini, itoeni karibu na ilipoingia, mfunge: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Hilo fundo halifunguki. Acheni mikia ya sentimita 2. Wekeni fundo kila pembe ya kiraka na moja katikati ya kiraka, ili pasiwe na mahali pakubwa kuliko shubiri moja pasipo fundo. Akina mama sita wakiketi kuuzunguka mfarishi, kazi hii ni ya alasiri moja, na hakuna anayebaki bila kazi hata kama hajui cherehani. Bibi mwenye macho mazuri na kijana mwenye subira, wote wana nafasi.

Mwisho, ile ziada ya sentimita 5 ya shuka ikunjeni nusu, kisha ikunjeni tena ije juu ya uso wa viraka, na mshone kuzunguka pande zote nne. Huo ndio upindo. Toeni mishono ya bandi.

Kisha fueni mfarishi kabla ya kuuza. Ndiyo, fueni! Kama kuna mshono utakaofumuka, ufumukie mikononi mwenu, si kwa mteja.

MOTO NA WATOTO WACHANGA

Lazima tuseme jambo hili wazi. Yale manyoya yanayoshika hewa yanashika moto pia, tena upesi. Kule Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wengi waliungua wakiwa wamevaa nguo za flaneli ya pamba. Wauzaji wengine walikuwa wakiisifu kwamba haishiki moto, hata Bunge likatunga sheria mwaka 1913 dhidi ya sifa za uongo za namna hiyo. Katika nyumba zetu kuna koroboi, mishumaa na jiko la makaa linaloletwa ndani wakati wa baridi. Mwambieni kila anayechukua mfarishi: usianikwe juu ya jiko, na taa ya moto isiwekwe karibu na kitanda. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa lina hatari ya pili, hewa yake ya sumu huua watu wakiwa usingizini. Kama mfarishi utamfanya mtu aache kulala na jiko, tayari umeokoa nyumba.

Kuhusu watoto: mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asilazwe chini ya mfarishi mzito, maana unaweza kumfunika uso na hana nguvu ya kuuondoa. Avikwe nguo za kutosha, alazwe chali. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupata joto bora kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilianzishwa na daktari Edgar Rey huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na hospitali zetu huiita huduma ya kangaruu. Hapo mfarishi mwepesi una kazi njema: kumfunika mama na mtoto pamoja mama akiwa macho, kichwa na uso wa mtoto vikiwa wazi kupumua.

HESABU KABLA YA BEI

Tuje kwenye pesa, mahali ambapo vikundi vingi huvunjikia. Bei tutakazotaja ni za mfano tu. Ninyi wekeni za soko lenu.

Mashati 8 kwa shilingi 80: 640
Shuka moja: 300
Blanketi kuukuu: 250
Uzi: 100
Sabuni na makaa ya pasi: 80
Nauli ya sokoni: 130
Jumla: shilingi 1,500

Mteja anakuja, anatoa 1,800. Kikundi kinashangilia faida ya 300. Lakini subirini. Tuseme kufua, kukata, kushona na kufunga mafundo kulichukua jumla ya saa 14 za kazi ukijumlisha watu wote. Gawanyeni 300 kwa 14: ni shilingi 21 kwa saa. Na bado hamjaweka kitu kwa ajili ya sindano, mafuta na fundi wa mashine. Wanachama wataanza kuchelewa kuja, halafu hawataonekana, na mwenyekiti atasema watu ni wavivu. Kumbe si wavivu. Wamepiga hesabu kimya kimya, wakaona kibarua cha shamba kinalipa zaidi.

Mkiweka shilingi 60 kwa saa, kazi ni 840. Ongezeni 60 za mashine. Gharama ya kweli ni 2,400. Chini ya hapo, kila mfarishi unaouzwa unakula kikundi.

Je, jirani atalipa 2,400? Pengine hapana. Sokoni kuna blanketi laini za viwandani na duveti za mitumba, na kikundi cha kijijini hakiwezi kupigana na hizo kwa bei. Afadhali kulijua hilo mapema. Kuna njia tatu za busara. Kwanza, shoneni kwa nyumba zenu wenyewe kwa zamu, kama mnavyofanya merry-go-round: kila mwezi mfarishi unaingia nyumba moja. Pesa ambayo haikutoka mfukoni nayo ni faida. Pili, shoneni midogo ya kufunika magoti ya wazee, inayotumia mashati mawili tu na alasiri mbili. Tatu, shoneni kwa oda peke yake: mteja anachagua rangi, anatoa nusu ya pesa kwanza, na mwandishi anaandika saizi na tarehe kwenye daftari.

MFANO WA AKINA MAMA WA ALABAMA

Hiyo njia ya tatu, ya kujua mnunuzi kabla ya kushona, ilijaribiwa mbali na kwetu na watu maskini kama sisi. Katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, Marekani, akina mama Weusi walikuwa wakishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi ili watoto wao wasilale na baridi. Miaka ya 1960, watu wao wengi walifukuzwa kwenye nyumba na mashamba ya matajiri kwa sababu walijiandikisha kupiga kura. Mwaka 1965 padri Mwanglikana, Francis X. Walter, aliona mifarishi imeanikwa kwenye kamba, akafikiri inaweza kupata wanunuzi mjini. Mwaka 1966 akina mama hao walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, na Estelle Witherspoon akawa meneja wake kwa miaka mingi.

Mifarishi iliuzwa New York. Baadaye, mwaka 1972, ushirika ulipata kandarasi ya duka kubwa la Sears, kushona foronya. Kazi ya namna hiyo inataka kila kipande kifanane na mwenzake, na hapo ndipo kipimo kimoja kinaonekana maana yake. Ushirika ulinunua ardhi, ukajenga nyumba ya kushonea, na baadhi ya viwanja vikauzwa kwa familia zilizokuwa zimefukuzwa. Ulifungwa mwaka 2012, lakini kwa zaidi ya miaka 40 ulileta mshahara mahali ambapo mwanamke hakuwa na mshahara. Na mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend, kijiji cha wilaya hiyohiyo, iliwekwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha New York. Ilitoka kwenye viraka vya suruali za shamba.

Hatusemi mifarishi yenu itafika New York. Tunasema kwamba kitambaa kuukuu si aibu. Kinachokipa thamani ni mkono wenye uangalifu, na watu waliokubaliana kufanya kitu kimoja kwa kipimo kimoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni nani analala na baridi? Je, tunamjua kwa jina?
2. Tukishona, tutashona kwa ajili ya nyumba zetu au kwa kuuza? Tuna sababu gani?
3. Saa za kazi za kila mwanachama zinaandikwa na nani, na wapi?
4. Kitu cha mwisho tulichouza, kilituletea faida au hasara tukihesabu na kazi yetu?
5. Nani atafua kitambaa, na nani atahakikisha kimefuliwa kabla ya makasi kuguswa?

Anzeni na mfarishi mmoja tu. Utumieni katika nyumba ya mwanachama miezi mitatu, ufuliwe kila mwezi, kisha uleteni kwenye mkutano, uwekwe mezani, kila mtu auguse na kuvuta mishono yake. Huo mmoja utawafundisha kuliko maneno yetu yote.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.